Tulivyosajili kibanda cha chai Garsen, na ng'ombe aliyetaka kuimbiwa Commerce

Wakuu, wakubwa shikamooni, rika langu mambo.

Kila wiki humu naona mtu anauliza: "Nisajili biashara kama nini? Peke yangu, ubia, au limited?" Majibu yanakuja kwa hasira kana kwamba ameuliza dini ya kweli ni ipi.

Mimi si wakili. Nawasimulia ya kwetu Garsen, mwishoni mwa miaka ya tisini, baada ya mafuriko ya El Niño. Chumvi siongezi, iliyomo inatosha.

Nilikuwa Form Three, msichana mwenye aibu ya kupindukia. Mwalimu akiniuliza jina langu, natazama kucha. Maneno yangu yote yaliishia kwenye diary. Mjomba wangu Komora aliniita "Profesa" kwa sababu, alisema, wenye akili nyingi hawasemi. Halafu anaongeza, "Na wasio nazo pia."

Mama, Mpokomo wa Idsowe, alikuwa na kibanda cha chai steji ya Garsen pamoja na Mama Godana, Muorma. Urafiki wao ulianza kwa ugomvi. Ng'ombe wa Mama Godana walikula mahindi ya mama. Mama akaenda kudai haki yake, akaambiwa anywe maziwa kwanza ndipo agombe. Alipomaliza kibuyu, hasira haikuwepo na biashara ilikuwa imeanza.

Biashara yenyewe ilikuwa nzuri. Mabasi ya Lamu yalisimama pale kungoja escort ya polisi kwa sababu ya majambazi wa njiani, na abiria anayengoja escort hunywa chai hata kama hana kiu. Maziwa yalikuwa ya vibuyu vilivyofukizwa moshi. Mtu wa Mombasa akionja anakunja uso. Kikombe cha pili anaomba mwenyewe.

Mafuriko yakabeba kibanda, yakatuachia nguzo moja. Sijui kama ni huruma au dharau.

Ndipo likaja shirika la kusaidia biashara ndogo. Mabati, jiko, sufuria kubwa na mafunzo, bure. Sharti moja: biashara iwe na usajili. Ofisa wao, Bwana Charo, akatueleza aina zote, kisha akasema, "Jumatano ijayo narudi. Mkiwa hamjaamua, msaada unakwenda kwa wengine."

Na tayari kuna muuza soda alikuwa akipita kila jioni kuipima nafasi yetu kwa hatua.

Mjomba Komora aliamua palepale. "Limited! Mimi Managing Director."

Mama akamwambia, "Director wa birika?"

"Dada, wazungu walianza hivyohivyo."

Bwana Charo alikuwa ameshasema kampuni inataka wakili, mahesabu ya kukaguliwa na ripoti kila mwaka. Mjomba akasema wakili wa nini na yeye mdomo anao. Tukamwacha na mdomo wake.

Tukajaribu kikundi cha akina mama. Wakuu, walikuja! Shangazi, majirani, hata bibi mmoja wa Chara aliyekuwa anapita tu. Kila mmoja alitaka kuwa mweka hazina, na wa kuleta kuni hakupatikana. Walikunywa chai yote ya kikao, kisha mmoja akauliza kama mandazi yako njiani. Kikundi kikafa kabla hakijapata jina.

Ikabaki njia rahisi: jina la mama peke yake. Ukoo mzima ulikubaliana. Mvua zikikaribia, Mama Godana huondoka na kundi kwenda malisho ya mbali, miezi hayupo. Kwa nini aandikwe?

Hata yeye alisema, "Mama Jilo, andika jina yako tu. Mimi mtu wa ng'ombe. Karatasi itanitafuta wapi?" (Jilo ni kaka yangu, alikuwa Mombasa akitafuta kazi.)

Alisema huku anacheka, lakini alikuwa anasugua kibuyu kilichokuwa kimeshatakata. Mama akakiona kile kibuyu.

"Kama jina lako halimo," mama akasema, "langu pia litoke. Huyo wa soda achukue."

Mama Godana akakaa chini. Akasema kwao mtu akihama humwachia rafiki ng'ombe wa maziwa. Rafiki anakamua, anakunywa, lakini ng'ombe ni wa mwenyewe. "Hakuna anasema huyu si mwenzako kwa sababu hayuko. Mimi nitaacha ng'ombe wawili. Wao watafanya kazi yangu."

Mjomba akauliza swali lake la kwanza la maana maishani: "Nani atawakamua?"

Mama alikuwa na uwezo wa kumfukuza kiboko shambani kwa kijinga cha moto. Lakini ng'ombe akimgeukia, alikuwa anaomba radhi.

Wote wakanitazama mimi.

Mama Godana alinifundisha siku zile chache. Ndama anatangulia, unamvuta pembeni, unakamua. Mikono yangu ilishika haraka. Shida ikawa mdomo. Ng'ombe wake walizoea kuimbiwa. Ukinyamaza, wanabana maziwa na kukutazama kama mwalimu wa zamu.

"Imba, Profesa!" Mama Godana anasema. "Hata mimi ningekuwa ng'ombe, wewe singekupa."

Jumatano asubuhi Bwana Charo amefika. Basi la Lamu limesimama, abiria wote wako nje. Bwana Charo anasema ubia anauelewa, lakini anataka kuona kama hayo maziwa yanatoka hata mwenye ng'ombe akiwa hayupo. Mama Godana akaenda kusimama nyuma ya basi.

Nikachuchumaa. Nyimbo zote zilinikimbia kichwani. Kilichobaki ni notes za Commerce, maana mtihani ulikuwa karibu. Nikazitia kwenye tuni ya kanisani Golbanti, macho nimefumba:

"Faida za ubia, namba moja, mtaji ni mwingi kuliko wa mtu mmoja..."

Hakuna kitu. Abiria mmoja akacheka. Nikaongeza sauti.

"Namba mbili, mmoja akiugua, kazi haisimami..."

Chururu! Abiria wakapiga makofi. Mjomba akaitikia kiitikio ambacho hakikuwepo.

Bwana Charo aliandika mkataba palepale mezani. Mama na Mama Godana, nusu kwa nusu. Mama Godana anapokuwa mbali, ng'ombe ndio mchango wake. Ng'ombe akifa, wanakaa chini upya. Wakaweka vidole gumba na fomu zikaenda Nairobi. Mabati yakaja, muuza soda akahamishia hatua zake kwingine.

Mvua zikanyesha, Mama Godana akaondoka na kundi.

Aliporudi, vumbi hadi kwenye nyusi, aliingia moja kwa moja akachukua birika na kuanza kumimina. Abiria akamuuliza mama, "Huyu mmemwajiri leo?"

Mama hakuinua hata kichwa. "Huyo ndiye mwenye kibanda. Mimi pia."

Funzo langu, wakuu: kabla ya kuuliza fomu ipi ni rahisi, jiulize ni nani usiyetaka kumwacha nje yake. Halafu mwandike pamoja na atakachofanya, na mkiachana mtaachana vipi. Na ofisa wa msaada muulizeni maswali, haumi.

Haya, waliowahi kuandikiana ubia na rafiki, mlibaki marafiki? Semeni. Mimi siku hizi siogopi kusoma, hata kujibu najibu.