Mlango wa Pili wa Basi la Suna

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa Njia alinikabidhi ramani ya Homa Bay hadi Suna akaniambia, "Kijana, panga basi lisimame wapi na linywe maji wapi. Mengine niachie mimi." Kunywa maji ni kujaza rejeta, magari ya miaka ya sitini yalichemka kila mlima.

Nilipanga chumba Suna. Mke wangu Akinyi akabaki Homa Bay, alikofundisha shule. Jioni nilikula peke yangu huku nikichora steji. Nyinyi mna simu. Mimi nilikuwa na penseli. Upweke ule haukuzoeleka, msidanganywe.

Safari za majaribio zilinionyesha kasoro. Basi lilikuwa na mlango mmoja, na kwetu Waluo mwanamume na mama mkwe wake hawapishani wala hawakai karibu, ndiyo heshima. Watu walichungulia ndani, wakimwona mkwe wanarudi nyumbani. Nikaomba mlango wa pili, huko nyuma. Meneja akacheka. "Sisi tunabeba abiria, bwana, hatubebi wakwe!"

Basi likaanza kazi, safari moja kwa siku. Halafu nikaletewa habari kwamba Akinyi amelazwa, hali mbaya. Asubuhi nikapanda. Tulipofika Rongo, mama mmoja aliweka mguu kwenye ngazi, akaniona, akajifunika uso kwa leso na kushuka. Alikuwa mama yake Akinyi.

"Mama, panda, gari inaenda!" kondakta akapiga kelele.

"Yawa, siwezi! Mkwe wangu ako ndani. Na mtoto wangu anakufa!"

Ningefanyaje? Nilimtuma kondakta amwombe asogee nyuma ya gari, nikashuka nikiangalia chini, mama akapanda. Basi nililolipanga mwenyewe likaniacha barabarani. Nilikwenda kwa miguu, na nilipofika Akinyi alikuwa ameshaaga dunia. Mama yake alikuwa bado amemshika mkono.

Meneja aliposikia hakucheka tena. Mlango wa nyuma ukatobolewa. Miaka mingi tulisafiri na basi hilo, mama mbele, mimi nyuma. Sisi wawili ndio tuliompenda Akinyi kuliko wote, na hatukuweza kuzungumza habari zake hata siku moja. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa nimestaafu, na mama naye ametangulia. Vijana wa mipango wakija kuniuliza habari za njia, nawaambia waanze na milango. Wakiondoka, nyumba inanyamaza. Nami nikipanda gari bado natafuta kiti cha nyuma, ingawa mbele hakuna tena wa kumstahi.