Shingo Waliyompa Mama

Wasichana wa kijiji chetu hapa kambini Nakivale wanajua kwamba niliwahi kuzunguka mji wa Mbarara siku nzima, kwa hiyo wakipata nauli huja kuniuliza jumba gani la maduka ni zuri zaidi kutembelea. Wanataka kwenda kupiga picha. Huwa nawajibu kwamba sijui, nao wananiona mchoyo. Ukweli ni kwamba niliingia majumba matatu, na yote matatu yalinitia kichefuchefu. Sijui namna ya kumwambia msichana mwenye furaha maneno kama hayo. Afadhali niyaandike.

Nilikuwa bado katika kilio cha mama. Katika familia yetu, iliyotoka Kivu ya Kusini, binti akifiwa na mama yake hunyoa nywele, huvaa nguo nyeusi, hulala chini kwenye mkeka, wala hajipaki kitu chenye harufu mpaka siku ya kumaliza kilio. Siku hiyo picha kubwa ya marehemu huwekwa juu ya kiti mbele ya watu, na nguo zake hugawiwa. Kisha picha hurudi nyumbani kutundikwa ukutani. Wajukuu watakaozaliwa baadaye watamjua bibi yao kwa picha hiyo tu.

Mama alikuwa na picha moja, ndani ya simu yangu. Amekaa mlangoni anachambua maharage, ameinua macho kwa hasira kidogo kwa sababu nilimwita ghafla. Kulikuwa na joto siku ile na kitambaa chake alikuwa amekivua, kwa hiyo rovu lake linaonekana lote. Ni uvimbe wa shingoni, mkubwa kama chungwa lililoiva, ambao alikuwa nao tangu ujana wake kule milimani. Akienda kanisani au kwenye mgawo wa chakula aliufunika kwa kitambaa cha kitenge cha kijani, fundo nyuma ya sikio. Akirudi, kabla hata ya kukaa, alikivua na kukitundika kwenye msumari. Ndani ya nyumba hakujifunika kamwe. Watoto wangu wote walilala wakiwa wameshika rovu lile. Lilikuwa na joto, na alipoimba lilitetemeka, na sauti yake ilitoka nzito kana kwamba imepita mahali pembamba.

Nilitaka picha ile, kama ilivyo, iwe kubwa na iwekwe kwenye fremu. Sikuwa na haja nyingine Mbarara. Mimi ningeridhika na mtu wa Kabingo, hapa jirani, anayechapa picha za vitambulisho, lakini kaka yangu, ambaye ndiye mkubwa wetu na anaishi ng'ambo, alisema mama hatachapwa Kabingo. Akaniambia niende kwa mke wake.

Wifi yangu huyo anakaa Nyamitanga, mtaa wa Mbarara, katika chumba cha kupanga. Kaka alitangulia, na wifi anasubiri kuitwa amfuate. Amesubiri muda mrefu, na wakati anasubiri anafanya mazoezi ya ng'ambo. Anajifunza kula kwa uma. Anajifunza kusukuma kile kigari cha dukani hata akiwa amechukua sabuni moja. Aliponifungulia mlango alitazama kichwa changu kilichonyolewa, akanikumbatia, tukalia kidogo. Kisha akajifuta uso.

"Basi, leo nakuonyesha mamoli ya Mbarara yote. Picha itapatikana tu. Tuanze na namba moja."

Namba moja ilikuwa jumba la vioo tupu, ambalo ukilikaribia unajiona mwenyewe unakuja. Nilijiona. Nilionekana kama kijiti kilichoungua. Mlangoni kulikuwa na mlinzi mwenye kile kifimbo kinacholia, mtu mzima anayeongea Kiswahili cha kambi ya jeshi.

"Mama, simama pale. Fungua kikapu. Iko na nini ndani?"

"Mihogo ya kuchemsha," nikasema.

"Mihogo? Hapa ndani watu nakula burger, wewe naleta mihogo?" Akacheka. "Acha hapa kwa meza. Mimi tachunga hiyo kama bunduki yangu."

Wifi aliingia akiwa amenyoosha mgongo. "Ukiingia humu," akaninong'oneza, "unasahau kama uko mukimbizi."

Mimi sikusahau chochote. Baridi ya mashine ilinipiga kwenye kichwa kitupu. Kulikuwa na keki yenye umbo la kiatu cha mwanamke, na watu wamepiga foleni kuitazama. Nyama ilikuwa imefungwa plastiki ikitoa maji ya rangi ya waridi, chini ya taa nyekundu iliyowekwa ili ionekane imechinjwa sasa hivi. Muziki ulitoka darini, na kila mtu alitembea polepole kama mgonjwa anayejaribu miguu yake, asinunue kitu. Wifi aligusa kila kitu. Aligusa mashuka. Aligusa mafriji. Alifungua mlango wa friji moja na kuufunga taratibu, kwa adabu, kama mtu aliyekwenda kumjulia mtu hali akamkuta amelala.

Ndipo msichana mmoja aliyejipaka midomo akatokea na kichupa, na kabla sijasema neno akanipulizia kifuani, akiniita nyabo, yaani bibi. "Mpya hii, nyabo. Jisikie vizuri."

Lazima niseme kitu hapa. Mama alipofariki tulimsubirisha. Ndugu zetu wa kambi nyingine walikuwa njiani, gari likaharibika, na jua lilikuwa kali juu ya turubai. Majirani wakaleta pafyumu zao, kila mmoja aliyokuwa nayo, wakampulizia mama na kuta na mkeka. Walifanya kwa huruma. Lakini ile harufu tamu haikuifukuza harufu nyingine, ilikaa juu yake, zote mbili pamoja, na tangu siku hiyo pua yangu haiwezi kuzitenganisha. Yule msichana aliponipulizia, jumba lote la vioo likawa chumba cha mama. Nilikimbia mpaka kwenye chungu kikubwa cha maua nikatapika.

"Haki ya Mungu!" mlinzi akaja mbio. "Mama hii natapikia maua!"

"Maua gani?" wifi akamjibu, naye hakuogopa. "Si ni ya plastiki? Mutayaosha, yataendelea kuishi."

Mlinzi alicheka mpaka akashika ukuta. Alituletea mihogo yetu na maji ya kunywa, na alikuwa mtu mwema kuliko wote niliokutana nao siku hiyo. Nje, wifi alinisugua mgongo. "Umeharibu moli nzuri kuliko zote, dada yangu," alisema. "Ile sasa sitaingia mpaka wabadilishe mulinzi."

Jumba la pili lilikuwa la ghorofa, na studio ya picha ilikuwa juu kabisa. Tulipanda tukipita sanamu za kuvalishwa nguo, zimesimama mstari mzima. Hazikuwa na macho wala midomo. Zilikuwa na shingo tu, ndefu, nyeupe, laini kama mabomba. Wifi alisimama mbele ya mojawapo akajipima. Mimi nilitazama sakafu mpaka tukafika.

Kijana wa studio alikuwa na adabu. Alichukua picha kwenye simu yangu, akaihamishia kwenye kompyuta, na mama akatokea kwenye kioo kikubwa kuliko dirisha letu. Sikuwa nimemwona mkubwa hivyo tangu afe. Hata maharage yalionekana moja moja. Nikashika ukingo wa meza.

"Nyabo, kaa pale, mimi natengeneza yeye," kijana akasema. "Dakika kidogo tu."

Nilikaa. Nilidhani kutengeneza ni kukuza. Wifi alisimama nyuma yake, wakawa wanazungumza kwa sauti ndogo, na mara moja moja wifi alinyoosha kidole. Waliponiita, maharage hayakuwepo. Mlango wa nyumba yetu haukuwepo. Mama alikuwa mbele ya pazia jekundu, ngozi imeng'arishwa, na chini ya kidevu chake kulikuwa na shingo ndefu na laini, isiyo na kitu.

"Nimesafisha," kijana akasema, na alikuwa na furaha ya kweli. "Ile kitu ya shingo, nimetoa yote. Ona vile nakaa smati!"

Nilichukia ile shingo. Niliiona kama kitu kilichokatwa kwa mtu mwingine na kushonewa kwa mama. Nikasema, "Rudisha."

"Nirudishe nini, nyabo?"

"Rovu. Lirudishe mahali pake."

Kijana akamtazama wifi. Wifi akanivuta pembeni. "Dada, usilete haya. Watu watakuya mingi. Bengine batapiga picha, zitafika mpaka ng'ambo. Unataka bamucheke mama?"

"Nani atamcheka? Wote wanamjua."

"Na benye hawamujui?"

"Wasiomjua wanakuja kulia nini?"

Wifi alitoa simu yake, akaipiga picha ile ya pazia, akamtumia kaka. Jibu lilikuja tukiwa bado tumesimama. Ilikuwa sauti ya kaka, na alikuwa analia. Alisema mama amependeza. Alisema hajawahi kumwona mama hivyo. Nikaomba simu nimwambie mwenyewe.

"Kaka, huyu si mama. Mama yuko ndani ya simu yangu na rovu lake."

"Dada mudogo, sikiliza." Nyuma yake nilisikia magari. "Mimi nilipigana na batoto ba shule mingi juu ya ile kitu. Kila siku. Sasa amekufa, wacha apumuzike bila hiyo. Mimi ndiye mukubwa, mimi ndiye naamua. Wachape hiyo."

Kwetu, kaka mkubwa akisema hivyo, mazungumzo yamekwisha. Mashine ikaitema picha polepole, ikianzia kwenye nywele. Ilipofika shingoni niligeuka.

Jumba la tatu lilikuwa la chakula. Wifi alisema ndilo zuri kwa mtu aliyechoka. Kuku walikuwa wanazunguka ndani ya kabati la kioo, wamechomekwa chuma, wakidondosha mafuta juu ya wenzao wa chini. Watoto walikuwa wamebandika pua zao kwenye kioo. Fremu ilikuwa imefungwa katika magazeti, nikaiegemeza ukutani, uso wa mama ukitazama ukuta. Nilikula mihogo yangu nikiificha chini ya meza. Mezani kulikuwa na karatasi ya kujifutia mdomo yenye rangi nyekundu ya midomo ya mtu mwingine.

Wifi alikula paja lote la kuku kwa uma, kwa shida. Kisha akaweka uma chini.

"Unazani mimi sikumupenda? Mama alinipokea nikiwa sina mutu. Lakini sema ukweli, dada. Yeye mwenyewe alikuwa anaificha. Kila akitoka mulango, anaificha. Sisi tumemusaidia tu."

Lilikuwa neno la kweli. Nilirudi Nakivale nalo, pamoja na ile fremu, na usiku kwenye mkeka nililigeuza huku na huku. Picha sikuifungua. Harufu ya lile jumba la vioo ilikaa kwenye nguo yangu ya kilio. Niliifua, nikaianika, nikaifua tena, na bado niliisikia.

Siku ya kumaliza kilio watu walijaa. Wifi alikuja na viti vya kukodi na maua ya plastiki. Aliifungua fremu yeye mwenyewe, akaiweka juu ya kiti, na mama wa pazia jekundu akatutazama. Watu walisema amependeza. Walisema kama mtu anavyosifu nyumba ya mtu asiyemjua. Jirani yetu Mrundi, aliyelima na mama shamba moja tangu tulipofika, aliisogelea, akaitazama, akarudi kukaa bila kulia. Kaka alikuwa ndani ya simu ya wifi, anatazama kila kitu kutoka huko aliko.

Mchungaji alipomaliza kuomba, tukagawa nguo. Kila mmoja wa familia alichagua yake. Ilipofika zamu yangu, koti lake lilikuwepo bado, na vitenge viwili vizuri. Nilikwenda kwenye msumari nikachukua kile kitambaa cha kijani.

Nilikuwa nimepata jibu la lile neno la wifi. Lilikuja nilipokishika, kwa sababu kilikuwa bado na mkunjo wa fundo. Nilikwenda mbele ya kiti, nikakizungusha kwenye fremu chini ya kidevu, nikakifunga upande wa sikio kama yeye. Shingo yote ikafunikwa.

Nyuma yangu mtu alilia kwa nguvu. Alikuwa yule jirani Mrundi. "Yoo, mama!" alisema. "Yoo, ni yeye!" Na wengine wakaanza.

Wifi alinyanyuka na simu mkononi. "Unaharibu picha, dada!"

"Mbona munamufunika?" sauti ya kaka ikauliza kutoka kwenye simu. "Ni nini? Mbona munamufunika?"

"Kuna watu," nikamjibu.

Nilimwona kwenye kile kioo kidogo ameweka mkono mdomoni. Hakuniambia nikitoe.

Picha ya kweli bado iko ndani ya simu, na simu ikiwa na chaji nawaonyesha watoto. Siku moja nitakwenda Kabingo. Ile ya pazia iko ukutani, na kitambaa kiko shingoni. Mama akiwa ndani ya nyumba alikuwa anakivua. Mimi sikivui, kwa sababu chini yake wameshamtoa.