Siku Papa Micro Alipofunga Kinywa

Mtu akikuambia kwamba anamjua Gamaliel wa Butembo, muulize kwanza: kwa sura au kwa sauti? Kwa sura ni wachache, yaani mke wake Kanyere, watu wa shirika lake pale parokiani, na Amisi dereva. Kwa sauti, lo! Mji mzima unamjua. Matanga, ndoa, mikutano ya wazazi, dawa ya panya, mbuzi aliyepotea, yote yanapita katika kinywa chake. Amisi anaendesha gari polepole, haut-parleurs, vile vipaza sauti, zimefungwa juu ya paa, na Gamaliel amekaa nyuma gizani katikati ya nyaya na betri, micro midomoni, haonekani hata pua. Njo maana wakamwita Papa Micro, na wengi wamegongana naye sokoni bila kujua ni yeye.

Shida ni kwamba akishuka garini hazimiki. Nyumbani pia anatangaza. Ukisema kichwa kinakuuma, kabla hujamaliza amekwisha kukupa dawa, jina la mganga, na habari ndefu ya shangazi yake aliyeumwa vilevile. Si ubaya, maskini. Aliwapenda watu, na upendo wake wote ulitokea mdomoni.

Basi, mwaka huu, karibu na Kwarezima, binti yake Falonne akarudi kutoka Beni na begi moja. Huko aliolewa na Jacob, fundi wa mbao, kijana mpole hata ungemsahau chumbani. Miezi michache nyuma Jacob alikuwa amepiga simu kusema Falonne ana mimba, na Gamaliel, jamani, mnamjua sasa, kesho yake parokia nzima ilikuwa imekwisha kujua kwamba Papa Micro atapata mjukuu. Hata muuza mkaa alijua.

Falonne alisalimia, akaingia chumba chake cha zamani, akakaa. Baba akamuuliza kulikoni, na kabla ya jibu akajijibu mwenyewe. Jacob amekupiga? Jacob ana mwanamke mwingine? Nitapanda gari kesho niende Beni, wataniona! Falonne alikuwa anafungua mdomo, kisha anaufunga. Mezani ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Kula, mwanangu, kula kwa ajili ya mjukuu wangu!" baba anasema kwa furaha yote, anamwongezea ugali na sombe, na Falonne anaweka mkono chini, anainuka, anatoka nje. Kanyere alikuwa anajua jambo, maana mama ni mama, lakini binti alikuwa amemwapisha. Kila Gamaliel alipomkazia macho, alimjibu neno moja tu: "Atakuambia yeye mwenyewe, ukimpa nafasi."

Jumapili moja Padri Éliakim akawaomba waumini kila mmoja achague siku ya jangwa: siku moja ya kutembea peke yako, mbali, kimya, kuanzia mapambazuko hadi jua kuzama, bila kusema hata neno moja, ili moyo upate nao zamu yake. Akauliza nani ataanza. Gamaliel akasimama. Ee, kanisa zima lilicheka! Bibi mmoja wa kwaya alicheka hata akashika benchi. Padri mwenyewe aliangalia chini asionekane meno.

Jioni, Falonne alimfuata uani. Ilikuwa mara ya kwanza kumfuata tangu arudi.

"Papa, ni kweli utafanya vile?"

"Kweli kabisa! Mimi nikiamua kitu, unajua, hata babu yako alikuwa—"

"Papa." Akamshika mkono. "Ukirudi bila kusema hata neno moja, mie nitakuambia kwa nini niko hapa."

Gamaliel akafungua mdomo kujibu. Halafu, ajabu, akaufunga.

Siku ya siku akatoka alfajiri, ukungu bado umelala juu ya mji, akashika njia ya kupanda upande wa Kyondo. Amevaa koti zito la baridi, rozari mkononi, na simu mfukoni kwa sababu Kanyere alisema kwamba kwa nyakati hizi mtu haendi mlimani bila simu, jangwa au si jangwa. Kadi yake ya uchaguzi, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, ilibaki katika koti la Jumapili. Hilo hakulijua bado.

Mwanzoni aliteseka, nisikufiche. Maneno yalimjaa kooni. Alipita shamba la viazi, akataka kumwambia mwenye shamba kwamba majani yanaanza kuungua. Alipita watoto wanaosukuma baiskeli yenye mfuko wa mkaa, akataka kuwafundisha kuufunga. Lakini mlima ulivyozidi kusimama na pumzi ikawa kazi, maneno yakaanza kupungua yenyewe, na masikio yake yakafunguka. Akasikia majani ya mikaratusi. Akasikia maji yanateremka mahali asipopaona. Akakumbuka kwamba njia hii aliipita utotoni na mama yake, yeye akiongea kutoka bondeni mpaka juu, na mama akiitika "ee, ee" bila kuchoka. Mama yule alikuwa na mzigo wa viazi mgongoni, kamba kwenye paji la uso, na bado alimsikiliza. Gamaliel alisimama kando ya njia, akamshukuru mama yake moyoni, kwa mara ya kwanza tangu walipomzika.

Sasa, mahali petu pale mtu hampiti mwenzake njiani bila salamu. Si mchezo. Ukisalimiwa "Wavukire!" na ukakaa kimya, umekosa adabu, au una jambo. Gamaliel aliinua mkono, akatabasamu, akainamisha kichwa, lakini wapi! Mama wawili wenye mizigo ya vitunguu walimsalimia, wakangoja, wakaona meno tu. Wakabaki nyuma yake wakimsema.

"Aka! Muzee na kiburi vile."

"Labda ni bubu."

"Bubu na koti muzuri vile? Acha. Na leo Butembo iko kimya, umeona? Ule Papa Micro sijui ameugua."

"Apumuzike kidogo. Ule mutu hata Mungu anangojaka amalize."

Gamaliel aliuma midomo asicheke. Machozi ya kicheko yalimtoka, na akasema moyoni: asanteni, mama zangu, huyo ndiye mimi kabisa.

Mbele kidogo, kwenye kona, vijana wa kijiji walikuwa wameweka mti kukata njia. Kwa hali ya usalama ya siku hizi kila kijiji kina vijana wake wanaochunga nani anaingia. Mkubwa wao, aliyeitwa Ésaïe, kofia ya sufu mpaka nyusi, akasalimia kwa Kinande. Kimya. Akasalimia kwa Kiswahili. Kimya, na tabasamu. Akasalimia kwa Kifaransa. Mkono juu.

"Bon," akasema Ésaïe, na sauti yake haikuwa tena ya salamu. "Muzee, uko natoka wapi? Leta kadi."

Gamaliel akatia mkono mfukoni. Mfuko mtupu. Wa pili, simu tu. Akaonyesha midomo yake, akaonyesha mbingu, akainua rozari.

"Hata wezi bako na rozari," akasema kijana mmoja.

"Hapana jibu salamu, hapana na kadi, anapanda peke yake," akasema mwingine. "Huyu anakuja kuangalia wapi tunalala. Tumupeleke kwa chef wa kijiji."

Wakamkalisha kwenye jiwe. Hawakumpiga, tuseme ukweli, lakini walimzunguka, na mmoja alikuwa na panga. Na Gamaliel alijua dawa iko wapi: ilikuwa ulimini mwake. Neno moja tu, "Tangazo! Tangazo, wapendwa!" na wangeruka kwa kucheka, wangemkumbatia, maana sauti ile wanaisikia kila wakishuka mjini. Ulimi ulishanyanyuka. Lakini moyoni akamwona Falonne akiweka mkono chini mezani. Neno moja, na binti yake hatamwambia kitu. Akauuma ulimi.

Simu ikalia.

Ésaïe akaitoa mfukoni mwa mzee, akasoma jina. "Falonne. Tutasikia basi ni nani anamuita." Akabonyeza, akaweka sauti kubwa.

"Papa, ni mie. Hapana jibu. Najua hautajibu, njo maana naita sasa." Sauti ya Falonne ilikuwa nyembamba, inatetemeka. "Nilisema nitangoja magaribi, mais nimeona afazali sasa, kabla nikuone kwa macho. Papa, mutoto hayuko tena. Alitoka mbele ya siku yake, kule Beni."

Vijana wakatazamana. Ésaïe akazima sauti kubwa haraka kama aliyeungua, akamwekea mzee simu sikioni kwa mikono miwili, akawasukuma wenzake mbali. Kofia yake aliivua.

"Alikuwa mutoto mwanaume," Falonne akaendelea. "Jacob hakunikosea kitu, papa, usimuwazie mubaya. Jacob alilia kunipita mie. Mais bazee ya kwa Jacob banasema ile haikuwa mutoto, hatuihesabu, mwenye atakuja kisha njo atakuwa wa kwanza. Papa, mie nilimuona. Alikuwa na vidole. Alikuwa na kucha."

Hapa nieleze kwa asiyejua. Kwa Wanande mtoto anazaliwa na jina lake limeshamngoja, kwa mstari: mvulana wa kwanza ni Mumbere, wa pili ni Kambale, na kuendelea. Hata akifa mdogo, nafasi yake hanyang'anywi. Lakini huyu wa Falonne alikuwa ametoka kabla ya wakati, na hakuna mkubwa aliyemwita. Asipoitwa, mwenzake atakayekuja atachukua jina, na itakuwa kana kwamba hakuna mtu aliyepita pale.

"Sitaki mwengine avae jina yake," Falonne alisema, na sasa alikuwa analia wazi. "Nataka muzee mumoja amuite kwa kinywa. Mumoja tu. Nikafikiri ni wewe, papa, mais kila nikianza, wewe unamaliza. Kama umesikia, hapana seme. Kohoa tu, nijue uko."

Gamaliel alijaribu kukohoa. Kilichotoka si kikohozi.

Falonne akakisikia upande ule. Kisha akasema, polepole, "Asante papa. Asante sana kunisikiliza." Simu ikakatika.

Vijana hawakuuliza tena kadi. Mmoja alileta chai ya moto katika kikombe cha bati, yenye sukari nyingi kabisa, akampa kwa mikono miwili. Ésaïe alikaa karibu naye chini, si kwenye jiwe, akasema kwa sauti ndogo, "Utusamehe, papa. Ni siku mubaya." Gamaliel akamshika bega kijana yule, akalikaza. Kama angekuwa na ruhusa ya kusema, angeharibu.

Hakuendelea kupanda. Aligeuka. Akateremka njia yote ile akilia na kushukuru, vyote pamoja, maana vilikataa kuachana. Alimshukuru Mungu kwa kijana aliyezima sauti. Alishukuru kwa Jacob, ambaye alikuwa amemtukana wiki nzima mbele ya majirani, na kumbe alikuwa analia Beni peke yake. Aibu ilimuuma kwa kila sahani aliyomsukumia binti yake, lakini hata aibu hiyo aliishukuru, kwa kuwa imemkuta angali na muda. Watu walimsalimia, akainama. Walimsema, akawaacha waseme.

Alifika nyumbani jua bado linaonekana juu ya vilima. Kanyere akamtazama usoni, akajua amejua, akamletea maji ya moto ya miguu bila neno. Falonne alikuwa jikoni, anapepea moto ambao ulikwisha kuwaka. Gamaliel akakaa kwenye kiti kidogo karibu na mlango, akangoja. Amisi alipita kuuliza kazi ya kesho, akaona nyuso zile, akarudi alikotoka kwa ncha za vidole. Mwanga ukapanda ukutani, ukapungua, ukaondoka.

"Jua limezama, papa," akasema Falonne, bila kugeuka. "Sasa unaweza."

Maneno aliyokuwa nayo mtu yule, jamani! Angeweza kusema juu ya mapenzi ya Mungu, juu ya shangazi zake wote waliofiwa, juu ya wazee wa Beni na adabu yao. Kanyere alimkazia macho. Gamaliel akasimama, akamwendea binti yake, akamwekea mkono kichwani, akasema kwa sauti ndogo ambayo Butembo haijawahi kuisikia:

"Mumbere."

Pepeo likamdondoka Falonne. "Rudilia, papa."

"Mumbere. Mutoto wa Falonne na Jacob. Mujukuu wangu wa kwanza."

Basi, akanyamaza. Falonne alilia kifuani kwake mpaka koti likalowa, na yeye hakumwambia anyamaze. Baadaye akajifuta uso kwa kitenge, akachukua simu, akapiga Beni.

"Jacob," akasema, "kuja unichukue. Papa amemuita."