Asali Iliyogeuka Pombe

Miaka ya tisini, katika ofisi ya kanisa pale Kitui, mimi ndiye niliyekuwa mtaalamu wa kompyuta. Cheti kilikuwa kipya na kiburi kilikuwa kingi. Tulikuwa tunatengeneza kamusi ya Kikamba. Mwalimu mmoja mstaafu wa Kanyangi alikuwa amekusanya maneno kwenye kadi tangu enzi za chaki, na sasa macho yake yalikuwa yanafifia. Alitaka kuikagua kamusi yote angali anaona.

Alituletea sanduku la kwanza. Mpiga chapa wetu, mama mmoja wa kijiji cha Tulia aliyezoea taipu kabla kompyuta haijafika, akaziingiza kadi zote kwenye kompyuta. Nami nikalihamisha faili lake kwenye programu ya hifadhidata, nikachapa kurasa kwa madaha. Kumbe programu ile ilijua herufi za Kiingereza tu. Kila ĩ na ũ ilivuliwa kiwimbi chake, ile alama ya juu. Ũkĩ, yaani asali, likatoka uki, yaani pombe. Mwalimu, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa, akasoma kwa sauti kwamba nyuki hutengeneza pombe.

"Hii mashini yenu imelewa," akasema. "Nitarudi Friday. Kama bado iko hivi, nabeba kadi zangu naenda nazo nyumbani."

Siku tatu nilihangaika. Mahali pa ĩ na ũ nilipata vijisanduku, mistari, hata alama ya pauni. Nilikasirika mpaka nikakilaumu Kikamba chenyewe. Debe tupu haliachi kuvuma.

"Kijana yangu," yule mama mpiga chapa akaniambia, "kwani kwa taipu tulikuwa tunafanya aje? Unapiga i, unarudi nyuma mara moja, unapiga alama juu yake. Hii printer haiwezi kurudi?"

Iliweza. Tukaandika i7 na u7 kwenye hifadhidata, kwa kuwa tarakimu hazikuharibika. Nikaiagiza printa kwamba ikikuta saba, irudi nyuma na kuweka kiwimbi juu ya herufi. Sikuwahi kumstahi mtu kama nilivyomstahi mama yule siku hiyo, na bado namstahi.

Ijumaa mwalimu aliisogeza karatasi karibu na pua, akatafuta asali, akaisoma mara mbili. Kisha akapita meza yangu, akasimama kwa mama.

"Masanduku mengine mawili yako kwa nyumba," akamwambia. Akanigeukia. "Wewe utakuja kumbebea."