Maji ya Dhahabu Yaliyogoma Kuwa Buluu

Mama Vumbi hakuzaliwa na jina hilo, wala hakuuza vumbi. Alikuwa mwanafizikia. Jina alibandikwa na mama yake mzazi ambaye, kila majirani walipomuuliza binti yake anafanya kazi gani, alijibu kwa fahari iliyochanganyika na wasiwasi: "Anatengeneza vumbi. Dogo sana. Hata yeye mwenyewe halioni."

Na hakusema uongo. Chukua unywele wako mmoja, uuchane kwa urefu utoke nyuzi elfu moja, tena usipige chafya, kisha okota uzi mmoja. Hapo ndipo kazi ya Mama Vumbi ilipoanzia.

Tangu utotoni alikuwa na macho ya kuchimba. Akiwa na miaka sita alimtazama mchwa mmoja ukutani, akamtazama, akamtazama, hadi mchwa akaona haya akarudi alikotoka. Shuleni aliwatoa walimu jasho kwa swali moja tu: kitu kikikatwa, na kipande kikakatwa tena, mwisho wake ni nini? Mwalimu wa kwanza alimwambia akae chini. Wa pili alimpa kitabu. Wa tatu alihama shule, ingawa alisingizia mke wake.

Akasoma, akasoma, mpaka mama yake akachoka kuwaeleza watu yuko darasa la ngapi. Akaenda ng'ambo, akarudi na miwani minene, chuo kikampa chumba chini ya ngazi katika jengo kuukuu: meza mbili, karo moja, na bomba lililokohoa mara tatu kabla ya kutoa maji. Humo ndimo alimotengenezea chembe za dhahabu.

Sasa, dhahabu ikiwa ndogo kiasi hicho huacha kabisa tabia yake ya kuwa njano. Chembe zikitoka mviringo, maji yake huwa mekundu kama wino wa mwalimu. Wenzake wote wa kazi ile walipata mekundu. Mama Vumbi alipata buluu. Alipoyapeleka kwa fundi wa hadubini, mzee mmoja mwenye maneno machache na kikombe kikubwa cha chai, wakaona kwenye kioo pembe tatu, nyingi, zimenyooka kama zimekatwa kwa mkasi.

"Umezifanyaje?" fundi aliuliza.

"Dhahabu safi, maji safi, dawa ya kuamsha chembe. Basi."

Ndivyo alivyoandika hata kwenye jarida, na kwa miaka kumi na miwili buluu ilimjia kila alipoiita. Pembe tatu zile zilidaka mwanga na kuugeuza joto, na kwa sababu hiyo Mama Vumbi akapata wanafunzi, akapata mialiko, akapata hata kiti chenye magurudumu.

Kisha chuo kikahamia jengo jipya. Vigae vinang'aa, mabomba hayakohoi, na mashine ya kuoshea vyombo inayoimba ikimaliza. Wiki ya kwanza Mama Vumbi akachanganya dhahabu yake. Mekundu. Akachanganya tena. Mekundu. Wiki hiyo hiyo ikaingia barua ya profesa wa mbali: "Nimefuata maelezo yako mara arobaini. Nimepata mekundu mara arobaini. Tafadhali nieleze." Mhariri wa jarida naye akampa wiki sita. Aeleze, au makala yake ifutwe hadharani, na jina lake likae benchi moja na majina ya waongo.

Mama Vumbi akashika tama. Angeeleza nini, na yeye mwenyewe kashindwa kuipata tena buluu?

Akabadilisha maji. Mekundu. Akaagiza dhahabu ya kule alikoagiza zamani. Mekundu. Akaishuku mashine, akaosha chupa kwa mikono yake, kwa sabuni ileile ya zamani. Mekundu. Akazima taa, akafunga madirisha, akavaa koti lake la zamani lenye tundu kwapani. Siku moja alijikuta ananong'oneza chupa, akiibembeleza kama mtoto aliyegoma kula. Chupa ikasikiliza vizuri sana, kisha ikawa nyekundu kuliko zote.

"Labda zamani nilikuwa naona vibaya," alimwambia mama yake.

"Miaka kumi na miwili?"

"Sijui, mama. Sijui tena nilichokuwa naona."

"Na wale waliokupa kiti, nao walikuwa hawaoni?"

Alikwenda kwa fundi wa hadubini akamwaga yote: maji, dhahabu, taa, koti. Fundi akanywa chai.

"Daktari, vyote hivyo vimehama pamoja nasi," alisema. "Asiyehama ni Bi Sabuni peke yake."

Bi Sabuni ndiye aliyekuwa mwosha vyombo wa jengo kuukuu. Alistaafu wiki ile ile mashine ilipoletwa, na wanaomjua wanasema aliitazama mashine jicho moja tu nayo ikaharibika siku tatu.

Mama Vumbi akamfuata nyumbani. Sebuleni, juu ya kochi, kilining'inia cheti chenye fremu: Mfanyakazi Mwaminifu.

"Bi mkubwa, vyombo vyangu ulikuwa unaviosha vipi?"

"Kwa sabuni mliyonipa, mwanangu. Si tangazo lilikuwa ukutani? Sabuni tu, maji tu."

"Hukuongeza kitu?"

"Niongeze nini? Upendo?"

Mama Vumbi alikuwa amebeba chupa. Bi Sabuni akaiosha mbele yake, kwa sabuni, polepole, kama anapigwa picha. Mama Vumbi akairudisha maabara imefungwa kwa kitambaa. Mekundu.

Zilibaki siku tisa. Kichwa kilimzunguka mpaka akasahau kuvua miwani alipokwenda kuoga. Siku ya pili akarudi kwa Bi Sabuni, bila hata kujua anarudia nini. Akabisha hodi, akaambiwa apite nyuma. Bi Sabuni alikuwa kwenye karo, ana chupa ya mafuta yenye shingo nyembamba, hiyo ambayo brashi haiingii. Alitia konzi ya chumvi, akatia maji kidogo, akaziba kwa kiganja, akaitikisa kama anapiga kayamba. Akamwaga. Akasuuza mara moja, kwa haraka. Chupa ikang'aa.

Wakatazamana.

"Hiyo ya nyumbani," Bi Sabuni alisema.

"Na ya kazini?"

"Kazini kuna tangazo."

"Bi mkubwa, nina siku saba nitaitwa mwongo dunia nzima. Niambie tu."

Bi Sabuni aliketi juu ya ndoo. Akajitia hamnazo kidogo, akakunja kanga, akaikunjua.

"Sabuni yenu ilikuwa nzuri mno kwa vile vichupa. Imenifulia nguo za watoto saba. Vyombo vyenu nikavisugua kwa chumvi ya kantini, na hakuna aliyelalamika. Mlinipa cheti." Akaelekeza kidevu upande wa sebule. "Ukiandika hayo, watakuja kukishusha. Wajukuu wangu wamekisoma kile."

Mama Vumbi aliaga, akatoka. Kwanza alitaka kujua kama ni kweli.

Akakimbilia maabara, akachukua chumvi safi kuliko zote kabatini, ile ya kupimia, akasugua chupa kama alivyoona. Mekundu. Akakaa sakafuni, kwenye vigae vinavyong'aa, akacheka peke yake mpaka fundi akachungulia.

"Chumvi si chumvi?" alimuuliza fundi.

"Mke wangu ana yake ya kupikia," fundi alijibu. "Anasema nyingine hazifai. Sijawahi kumwelewa."

Asubuhi Mama Vumbi alikuwa mlangoni kwa Bi Sabuni, anaomba chumvi kama jirani aliyeishiwa. Akapewa paketi nusu. Akasugua. Akasuuza mara moja, kwa haraka. Akachanganya dhahabu yake na kutazama pembeni kwa hofu. Alipogeuka, chupa ilikuwa ya buluu.

Akaisoma paketi mbele na nyuma. Chumvi ya mezani, imeongezwa madini joto. Ile ya kabatini haikuwa na iodini hiyo. Akatia chembe ya madini joto peke yake, bila chumvi, katika chupa safi. Buluu. Alirudia mara ishirini, fundi akitazama kwenye kioo, na kila mara pembe tatu zilikuwa zimejipanga zinamngoja.

Siku mbili kabla ya mwisho akaketi kumwandikia mhariri. Akiacha chumvi, yeye ni mwongo. Akiandika yote, cheti kinashuka ukutani. Alikaa na karatasi ile mpaka mkono ukafa ganzi. Mwisho akaandika hivi: vyombo vilisuguliwa kwa chumvi ya mezani yenye madini joto na kusuuzwa mara moja; mimi, kwa miaka kumi na miwili, sikuwahi kuuliza vinaoshwaje; kosa ni langu. Sabuni haikugusa dhahabu, kwa hiyo sabuni hakuiandika. Akamsomea Bi Sabuni.

"Hapo hakuna mwizi," Bi Sabuni alisema.

"Hayupo."

"Na wewe umejiita mjinga."

"Si mwongo lakini."

"Basi peleka kabla hujabadilisha mawazo."

Makala haikufutwa. Ikachapishwa pamoja na masahihisho, na wapo wenzake waliocheka, wengine mbele yake. Wiki tatu baadaye profesa wa mbali akaandika tena. Alikuwa ametuma mtu dukani. "Nimepata buluu," aliandika. "Mara tano kwa tano. Samahani kwa niliyokufikiria. Sasa niambie: madini joto yanaifanyaje dhahabu ikubali pembe tatu?"

Mama Vumbi alivuta kiti chake chenye magurudumu. Akaandika jibu refu, akalisoma, akalifuta. Akaandika lingine lenye michoro, nalo akalifuta. Alichotuma kilikuwa kifupi: "Sijui hata kidogo. Wewe unaonaje?"