Mota ya Mashine ya Vifaranga

Mota ya feni iliungua wakati mayai ya kikundi chetu cha akina mama wa kanisani yamekaribia kuanguliwa. Feni ndiyo husambaza joto ndani ya mashine ya kutotolesha. Ikisimama, mayai ya juu yanaiva na ya chini yanapoa. Nikaifungua, nikaenda nayo pamoja na mapanga ya feni dukani Bariadi mjini.

Mume wangu alinifuata akinifundisha njia nzima. "Chukua yenye nguvu. Maksai dhaifu halimi."

"Mayai hayalimwi," nikamwambia.

Muuza duka akaweka mota mbili mezani, zote zinaingia kwenye yale mapanga yangu ya feni. "Mayu, mama yangu, hii kubwa ndiyo itadumu."

"Iwashe kwanza. Ng'ombe aliyelala hatumnunui."

Akacheka, akaifunga mapanga, akaiwasha. Nikashika kipande cha pamba mbele yake, kama nilivyozoea kupima upepo wa feni yangu nyumbani. Mota kubwa iliipokonya pamba mkononi mwangu, ikambandika nayo muuza duka usoni. Upepo ule ungeyakausha mayai yote. Alipoiwasha ndogo, iliitikisa polepole, sawasawa na ile ya zamani ilipokuwa nzima.

"Nifungie hii."

Mume wangu alinung'unika mpaka nyumbani kwamba nimenunua kitoto cha mota. Tukaifunga mchana uleule.

Siku yao ilipofika, vifaranga walitoboa maganda, trei ya juu na ya chini, na akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nilimwita mume wangu asogee karibu na mashine asikilize vizuri vifaranga wa kile kitoto cha mota wanavyolia, maana masikio yake siku hizi ni mazito.