Mshipa wa Silima

Silima alikuwa hamali wa bandarini Malindi, Unguja, mtu wa Donge, mgongo mpana kama meza. Gunia la karafuu alilibeba kama mwengine anavyobeba mto. Kitu kimoja tu kilimshinda kubeba: jina la maradhi yake. Kinenani, upande wa kulia, alikuwa na uvimbe kama limau. Ukitoka, yeye hujificha nyuma ya magunia, akalala chali, akausukuma kwa kiganja ukarudi ndani, akakaza mshipi juu yake, kazi ikaendelea. Mkewe, Mize, akimsihi aende hospitali, jibu lilikuwa: "Mshipa tu huu. Mwanamme gani hana mshipa?"

Mwaka wa sitini na tisa, msimu wa karafuu, asubuhi moja ulitoka ukakataa kurudi.

Sie mahamali wenzake tulimkuta kajikunja ghalani, anatapika maji ya kijani, jasho linamtoka na mwili baridi. Uvimbe mgumu kama jiwe. Diploma yangu ya ualimu niliiacha nusu, lakini kusukuma gari la hamali nimefuzu. Tukampakia kwenye gari lake mwenyewe tukakata vichochoro kwenda hospitali, yeye akilaani kila jiwe, Mize, aliyekuja mbio alipopata habari, mbele anapiga kelele: "Simile! Simile, jamani, tupisheni!"

Daktari wa siku ile alikuwa Mchina, Kiswahili hana. Mkalimani wake, kijana wa kwao, alikisomea Peking: Kiswahili safi, hakina hata doa la mtaani.

"Unaumwa na nini, ndugu?"

Silima akamtazama muuguzi, Bi Badriya, akawatazama wanawake waliojaa mlangoni. "Mshipa," akanong'ona.

"Mshipa wa damu, au mshipa wa fahamu?"

"Mshipa... wa kiume."

Mkalimani akafikiri kwa heshima zote. "Samahani, ndugu. Sikujua kama mishipa ina kike na kiume."

Daktari akafasiriwa hivyo hivyo, akaanza kumkagua mishipa ya miguu. Na Silima karidhika! Afadhali afe kwa mguu kuliko kufunua kikoi. Mzaha ukanikauka mdomoni, kwani mjomba wangu alikwenda hivi hivi: alipoacha kulia watu walishukuru, kumbe utumbo ulioshikwa umeshakufa. Na Silima sasa alikuwa anaanza kunyamaza.

"Ngiri hiyo, bwana!" nikapiga ukelele. "Ana ngiri!"

Mkalimani akashtuka. "Nguruwe wa mwituni? Amemng'ata?"

"Astaghfirullah!" Silima akagutuka. "Mie sijamgusa hata siku moja!"

Mize hakungoja kamusi. "Nisamehe, mume wangu," akasema, na akakivuta kikoi mbele ya umma wote. Daktari akaugusa uvimbe mara moja tu. Hapo mkalimani hakuhitajika. Machela ikaja mbio.

Ya ndani kanihadithia Bi Badriya. Walimchoma sindano ya uti wa mgongo. Chini ganzi, juu macho, anasoma Yasini. Daktari akapasua kinenani, akaipanua tundu iliyoubana utumbo. Kipande kilichonaswa kilikuwa zambarau kama biringani. Akakifunika kitambaa cha maji moto ya chumvi, akasimama. Rangi ikirudi, kinarejeshwa, isiporudi, kinakatwa.

"Nlidhani basi tena," Bi Badriya kaniambia. "Kisha pembeni pakaingia wekundu, kidogo kidogo, kama halwa inavyoshika rangi jikoni."

Daktari akaurudisha utumbo ndani, akaivuta misuli pamoja, akaishona kwa uzi wa hariri, mlango ukazibwa.

Lakini kushonwa si kupona. Utumbo ulioshtuka huweza kulala usiamke, na mpaka mgonjwa atoe upepo kwa chini, hapewi hata maji. Siku ya pili tumbo likavimba kama ngoma. Daktari akalisikiliza kwa mipira yake, akatikisa kichwa. Mkalimani akasema kwa upole kwamba pengine watafungua tena. Mize akakaa chini, kashika ncha ya shuka. Wodi nzima ikajua inangoja nini. Hata wavuta tasbihi walivuta polepole, wasije wakaukosa.

Baada ya adhuhuri ukasikika. Mrefu, mkavu, kama muuza nguo anapasua kitambaa cha marekani.

Silima akajifunika uso gubigubi. "Jamani, niwieni radhi."

"Radhi ya nini?" Mize anacheka na machozi yanamtoka. "Ongeza, mume wangu! Ongeza!"